Kiongozi na daftari: maswali yenu kuhusu ardhi za jamii za asili

Barua za mwezi huu zimeuliza jambo moja kwa sura tofauti. Viongozi wa Wahadzabe, Wamaasai, Waogiek na Waendorois wanaosifiwa kwa kuziinua jamii zao walifanya nini hasa, na nyinyi mfanye nini ili mfike walipofika? Tumechagua saba. Majibu yanahusu Tanzania na Kenya tu, na tumesema kila mara sheria ni ya nchi gani, maana kuzichanganya kumewaponza wengi.

Swali: Kila mara tunasikia kiongozi wa wafugaji kapewa tuzo ya kimataifa, lakini habari huishia kwenye picha. Alifanya nini? (Msomaji, Simanjiro)

Tuanze na jirani yako. Edward Loure, Mmaasai wa hapo hapo Simanjiro, alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2016 kwa kazi aliyoifanya pamoja na wenzake wa shirika la Ujamaa Community Resource Team. Walichukua hatimiliki ya kimila, ambayo watu wengi waliifahamu kama hati ya mtu mmoja au kaya moja, wakaitumia kuilinda ardhi ya kundi zima. Zaidi ya ekari 200,000 za kaskazini mwa Tanzania zilipata ulinzi wa namna hiyo. Kundi la mwanzo kabisa lilikuwa la Wahadzabe wa Bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, waliopata hati za zaidi ya hekta 20,000 mnamo Oktoba 2011.

Ugumu wa kazi ile ndio wenye somo. Mhadzabe huishi kwa asali, ubuyu, mizizi na nyama ya porini. Halimi, wala hajengi nyumba ya kudumu, kwa hiyo mpimaji akifika haoni shamba wala boma. Hapo ndipo sheria inapouma. Sheria ya Ardhi ya Tanzania, Na. 4 ya 1999, inapoeleza maana ya ardhi ya jumla, yaani ile isiyo ya kijiji wala ya hifadhi, inaingiza humo na ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumiwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka huo huo haina maneno hayo. Eneo ambalo matumizi yake hayakuandikwa popote ni rahisi kudaiwa kuwa tupu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ilikuwa kukaa na watu na kuandika: pale tunarina asali, kule tunachimba mizizi, maji ya kiangazi yako huku, na wageni wanaolima wameishia hapa.

Ikal Angelei wa Turkana, aliyepewa tuzo hiyo hiyo mwaka 2012, alipita njia nyingine. Shirika lake la Friends of Lake Turkana lilipinga bwawa la Gibe III kwenye Mto Omo wa Ethiopia, mto unaoleta sehemu kubwa mno ya maji ya Ziwa Turkana. Aliwapelekea wavuvi na wafugaji taarifa ambazo hawakuwahi kupewa, kisha akazipeleka sauti zao bungeni Nairobi na kwa mabenki yaliyotarajiwa kufadhili. Mwaka 2011 Bunge la Kenya lilitaka tathmini huru ya mazingira ifanywe, na wafadhili wakubwa wakajitoa. Hata hivyo bwawa lilijengwa likakamilika. Tunalisema hili kwa sababu tuzo hutolewa kwa kazi, na kazi nzuri huweza kushindwa nusu.

Swali: Shikamooni. Sisi ni wafugaji wilayani Kiteto. Wazee wanataka malisho ya kiangazi yapate hati ya kundi. Mtendaji anasema tulete maombi, afisa ardhi anasema bado. Tuanzie wapi? (Katibu wa kikundi)

Marahaba, katibu. Wote wawili wanaweza kuwa sahihi, ila afisa ardhi anatazama yanayotangulia. Hati ya kundi ni ghorofa ya juu. Chini yake kuna cheti cha kijiji, mpango wa matumizi ya ardhi, sheria ndogo na masjala, na kimoja kikikosekana maombi yenu hukaa mezani.

Anzeni na mpaka wa kijiji. Wajumbe wa vijiji jirani waupite kwa miguu pamoja, na msiwapeleke wajumbe wa halmashauri peke yao. Wapelekeni wazee wanaojua majina ya mahali, vijana wanaochunga, na wanawake wanaochota maji huko. Kila alama isomwe kwa GPS na iandikwe jina lake. Epukeni kuweka mpaka kwenye korongo la msimu, kwa kuwa mvua moja kubwa hulihamisha, na ugomvi wa miaka kumi ukazaliwa. Pale mnapobishana na jirani, malizeni kwa usuluhishi na muhtasari uliosainiwa na pande zote mbili. Mpimaji hawezi kuwaamulia. Mipaka ikikubaliwa na kupimwa, Kamishna wa Ardhi hutoa Cheti cha Ardhi ya Kijiji.

Kinachofuata ni mpango wa matumizi ya ardhi, chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya Tanzania, Na. 6 ya 2007. Halmashauri ya Kijiji huunda kamati ya kuusimamia, timu ya wilaya husaidia kitaalamu, na Mkutano Mkuu wa Kijiji, yaani wakazi wote wenye miaka 18 na zaidi, huupitisha. Ramani ya kwanza ichorwe chini, kwenye udongo, kwa vijiti na mawe, ili asiyejua kusoma naye aweze kukosoa. Tumeona makosa matatu yakijirudia. Mapito ya mifugo husahaulika, kisha shamba likakatwa katikati ya njia ya kwenda kisimani. Sehemu za magadi ambako ng'ombe hulamba chumvi huachwa nje. Na malisho ya kiangazi, ambayo kwa miezi kadhaa hayana ng'ombe hata mmoja kwa sababu yanapumzishwa, huandikwa "eneo la akiba". Msikubali neno hilo. Andikeni "malisho ya kiangazi", na mtaje miezi ya kufungwa na miezi ya kufunguliwa. Kupumzisha nyasi ni matumizi, nanyi mnaita alalili tangu enzi za mababu.

Sheria ndogo za mpango hupitishwa na kijiji kisha zikaidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Bila idhini hiyo, faini mnayomtoza aliyelima kwenye malisho haitasimama mbele ya hakimu. Masjala ni jambo dogo linalokwamisha vijiji vingi: chumba kinachofungwa, kabati la chuma, daftari la usajili. Tengenezeni mapema.

Sasa maombi yenyewe. Kundi liwe na orodha ya wanachama na kanuni zake. Fomu ya kundi linalotambuliwa kimila husainiwa na watu wasiopungua wawili ambao kwa mila ndio viongozi au wazee wake. Halmashauri ya Kijiji inatakiwa iamue ndani ya siku 90. Ikikubali hutoa barua ya toleo, nanyi mjibu kwa maandishi ndani ya siku 90. Watu hupuuza barua hii wakidhani kila kitu kimekwisha. Hati husainiwa na mwenyekiti na mtendaji, wawakilishi wa kundi wakaweka sahihi au dole gumba chini ya kila ukurasa, kisha afisa ardhi wa wilaya husaini, hupiga lakiri na kuisajili. Ukurasa mmoja usio na sahihi unatosha kuirudisha.

Kwa kuwa mko Kiteto, mfano mnao jirani. Vijiji vya Orkitikiti, Lerug na Ngapapa viliunganisha malisho yao chini ya mpango mmoja wa pamoja na kuliita eneo hilo OLENGAPA, jina lililotokana na majina ya vijiji vyenyewe. Wafugaji wakaunda chama kimoja kinachopewa hati. Ikiwa ng'ombe wenu huvuka mpaka wa kijiji kila kiangazi, njia hiyo inawafaa kuliko hati ya kijiji kimoja.

Na mjue mipaka ya karatasi hiyo. Rais bado anaweza kuhamisha ardhi ya kijiji kwa manufaa ya umma. Eneo lisilofikia hekta 250 likitakiwa, Mkutano Mkuu ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo, uamuzi ni wa Waziri baada ya kuzingatia mapendekezo ya kijiji. Uhamisho haufanyiki kabla ya kukubaliana aina, kiasi na wakati wa fidia. Aliye na hati anaingia kwenye mazungumzo hayo na eneo lenye mipaka na matumizi yaliyoandikwa. Asiye nayo huanza kwa kubishana kama eneo ni lake.

Swali: Ranchi yetu ya kikundi huku Laikipia inajaribu kuhamia kwenye sheria mpya ya ardhi ya jamii. Tumeitisha mkutano mara tatu, akidi haitimii. Tumechoka. (Mwanakamati)

Pole sana. Ugonjwa huu ni wa wengi, na mara nyingi chanzo chake kiko kwenye sajili kabla ya kuwa kwenye mkutano.

Sheria ya Ardhi ya Jamii ya Kenya, Na. 27 ya 2016, inasema mkutano wa jamii ni wa watu wazima wote wa jamii, na akidi ni theluthi mbili. Sajili za ranchi za zamani ziliandika wakuu wa kaya, karibu wote wanaume. Kamati nyingi hufanya moja ya makosa mawili. Ya kwanza hutumia sajili ya zamani, hupata akidi kwa urahisi, kisha wanawake na vijana walioachwa nje huweka pingamizi na kazi yote hurudi mwanzo. Ya pili huongeza wote bila kusafisha: marehemu wamo, waliohama na kusajiliwa kwingine wamo, na majina yaliyoandikwa mara mbili kwa tahajia tofauti yamo.

Pigeni hesabu. Sajili ya watu 1,800 inadai watu 1,200 uwanjani. Ikiwa 150 kati ya hao 1,800 ni marehemu na majina yaliyorudiwa, sajili halisi ni 1,650 na akidi ni 1,100. Watu 100 mliokuwa mkiwatafuta hawakuwapo duniani. Usafishaji ufanywe boma kwa boma, orodha ibandikwe kwa chifu, shuleni na kisimani kwa majuma kadhaa, na kila jina linalofutwa liandikiwe sababu. Sheria inamhesabu pia mke au mume aliyeoa au kuolewa ndani ya jamii kuwa mwanachama, kwa hiyo wanawake walioolewa kutoka nje msiwaruke.

Ndipo mje kwenye mkutano. Notisi ya kuchagua kamati hutolewa katika gazeti linaloenea nchi nzima na redio inayosikika nchi nzima, na maafisa wa utawala na wa kaunti wajulishwe. Hifadhini nakala ya gazeti na risiti ya tangazo. Msajili ataziuliza. Chagueni wakati baada ya mvua, mifugo iliporudi karibu, na kamwe isiwe siku ya mnada. Juma moja kabla, fanyeni vikao vidogo vya kila eneo ili ajenda ieleweke na hofu zisemwe huko. Siku yenyewe wekeni meza kwa maeneo, kila meza watu wasiozidi mia moja, na karatasi yenye jina, nambari ya kitambulisho, na sahihi au dole gumba. Meza moja ya watu elfu ndiyo inayowafukuza wazee saa sita mchana kabla hawajaandikwa.

Mkutano huo huchagua kamati ya watu 7 hadi 15. Peleka kwa msajili jina la jamii, sajili ya wanachama, kumbukumbu za mkutano na kanuni za kamati. Ardhi yenyewe hupimwa baada ya notisi ya umma ya siku 60 inayowaita wenye madai. Hadi hapo, kumbukeni kwamba ardhi ya ranchi ya kikundi haiwezi kuuzwa, kukodishwa wala kugeuzwa ya kibinafsi kabla ya kusajiliwa chini ya sheria mpya. Mwenzenu akija na mnunuzi katikati ya safari, mwonyesheni kifungu cha 47.

Il Ngwesi, hapo hapo Laikipia, ni miongoni mwa ranchi za mwanzo kuvuka kwenda sheria mpya. Walikuwa wameanza zamani: nyumba yao ya wageni ilifunguliwa mwaka 1996, na mwaka 2002 walipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Jamii iliyozoea kugawana mapato hadharani ina sababu ya kuja mkutanoni. Yenu ikiwa haijawahi kusomewa hesabu, anzeni hapo, watu watakuja.

Swali: Tumewekwa kwenye kamati kwa sababu sheria inadai wanawake. Tukizungumza, wazee hutazama pembeni. Tufanye nini? (Mama wa Narok)

Mama, kiti mmeshakipata. Kilichobaki ni maandalizi. Kaskazini mwa Tanzania, shirika la Pastoral Women's Council, ambalo Maanda Ngoitiko ni mmoja wa waanzilishi wake mwaka 1997, limejenga majukwaa ya wanawake katika vijiji vya wafugaji, na mbinu yake inaigika popote. Wanawake hukutana peke yao kabla ya kikao cha wote. Hufundishana sheria, huchagua madai yao, na hushikilia pamoja.

Kwenu fanyeni hivi. Siku moja kabla ya kikao, kubalianeni jambo moja tu, msiende na saba. Chagueni msemaji na mwingine wa kumuunga mkono mara tu akimaliza, maana hoja iliyoungwa mkono lazima iandikwe. Ketini pamoja. Zungumzeni na mzee mmoja mnayemwamini usiku uliotangulia ili asishtukizwe hadharani. Huku si kujidhalilisha, ni adabu inayofungua masikio. Na kabla kikao hakijafungwa, ombeni kumbukumbu zisomwe. Hoja nyingi za wanawake hufia kwa katibu.

Sheria iko upande wenu. Kenya inakataza ubaguzi katika ardhi ya jamii na inawapa wanachama wote haki sawa ya manufaa. Tanzania inataka Baraza la Ardhi la Kijiji liwe na watu saba, na wasiopungua watatu wawe wanawake.

Swali: Waogiek walishinda kesi Arusha. Kwa nini bado wanafukuzwa? Na je, jamii yetu nayo inaweza kwenda huko? (Msomaji, Elgeyo Marakwet)

Mwaka 2009 Waogiek walipewa notisi ya siku 30 kuondoka Msitu wa Mau. Mashirika yao, likiwamo Ogiek Peoples' Development Program linaloongozwa na Daniel Kobei, yalikwenda Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na Tume ikaipeleka kesi kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, mwaka 2012. Hukumu ilitolewa Mei 26, 2017. Mahakama iliwatambua kuwa jamii ya asili yenye haki ya ardhi yake, na ikakataa hoja kwamba kuhifadhi msitu kunahalalisha kuwafukuza, kwa kuwa haikuthibitishwa kwamba wao ndio walioharibu. Juni 23, 2022 ikaamuru fidia ya shilingi za Kenya 57,850,000 kwa hasara ya mali na 100,000,000 kwa madhara yasiyo ya mali, na ardhi ipimwe na kumilikishwa kwa jamii ndani ya miaka miwili. Miaka hiyo iliisha bila hati, na Novemba 2023 familia za Sasimwani, Narok, zilibomolewa nyumba. Mahakama ile haina askari. Hukumu yake hutekelezwa na serikali ile ile iliyoshtakiwa, na hilo linaumiza.

Msione kazi ile ni bure. Waendorois, waliohamishwa kutoka Ziwa Bogoria miaka ya 1970, walishinda mbele ya Tume, uamuzi uliotangazwa mwaka 2010. Tume ilipendekeza warudishiwe ardhi, wafike ziwani bila kizuizi, wapate mgao wa mapato, na pia kamati yao ya ustawi isajiliwe. Pendekezo hilo la mwisho huonekana dogo, lakini jamii isiyo na chombo kilichosajiliwa haina mkono wa kupokelea fidia.

Kuhusu kwenda: Kenya haijatoa tamko la kuruhusu watu binafsi na mashirika kuishtaki moja kwa moja kwenye Mahakama ya Arusha. Tanzania ilikuwa nalo ikaliondoa, na kuondolewa huko kukaanza kufanya kazi Novemba 2020. Njia iliyobaki ni ya Tume, yenye makao yake Banjul, Gambia. Kabla yake lazima muonyeshe kwamba mmemaliza njia za mahakama za ndani, au kwamba njia hizo hazifai au zimecheleweshwa kupita kiasi. Waendorois waliwahi kushindwa Mahakama Kuu ya Nakuru mwaka 2002, na kushindwa kule ndiko kulikowafungulia mlango wa Tume. Kwa hiyo hata kesi mnayohisi mtashindwa, ifungueni kikamilifu na mhifadhi kila hati. Ushahidi uwe wa aina nyingi: majina ya mahali, makaburi, mizinga na miti iliyotundikiwa, kumbukumbu za wakoloni, na wazee waliorekodiwa wangali hai. Hili la mwisho msilisubirishe hata mwezi mmoja.

Swali: Kampuni imekuja na mkataba wa kaboni wa miaka 30. Inatoa pesa ya kutia sahihi. Tukubali? (Mwenyekiti wa kamati, kaunti ya kaskazini mwa Kenya)

Msitie sahihi juma hili, hata kama ng'ombe wamekonda. Mradi mzuri upo. Wahadzabe wa Yaeda wanauza kaboni, yaani hulipwa kwa hewa ukaa isiyoingia angani, pamoja na kampuni ya Carbon Tanzania kwa kuzuia misitu yao isikatwe kwa kilimo cha kuhamahama. Vijana wao hufanya doria na kuandika kila uvamizi, na mapato hulipa matibabu, ada za shule na posho za doria. Lakini angalieni mpangilio: matumizi ya ardhi yalipangwa, hati ikatoka, na mauzo ya kaboni yakasimama juu ya hayo.

Kwa Kenya, mkataba wa uwekezaji kwenye ardhi ya jamii unahitaji kukubaliwa na theluthi mbili ya mkutano ulioitwa mahususi kwa ajili yake, baada ya mashauriano ya wazi. Sahihi ya mwenyekiti peke yake haitoshi, na ninyi wenyewe mnaweza kushtakiwa na wanachama. Marekebisho ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2023 yanadai pia makubaliano ya maendeleo ya jamii, na mradi wa ardhi uipe jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia baada ya kutoa gharama za biashara.

Hapo kwenye "gharama" ndipo pesa hupotelea. Mapato yakiwa milioni 100 na gharama zikiandikwa milioni 80, asilimia 40 yenu ni milioni 8. Gharama zikiwekewa kikomo cha milioni 30, mnapata milioni 28. Kwa hiyo daini orodha ya gharama zinazoruhusiwa, kikomo chake, na haki ya kumleta mkaguzi wenu. Ulizeni bei ya mauzo itajulikanaje, na nani anaona mikataba ya wanunuzi. Someni kifungu cha malisho neno kwa neno: ni nani anaamua ng'ombe waingie wapi na lini? Kama jibu ni kampuni, mmetoa ardhi. Kuwe na mapitio kila miaka mitano, masharti ya kujitoa, na katazo la kampuni kuuza mkataba kwa nyingine bila ridhaa ya mkutano. Nakala iwe kwa Kiswahili au lugha yenu, isomwe kwa sauti mkutanoni, na wakili awe wa kumlipa wenyewe. Wakili aliyeletwa na kampuni ni wakili wa kampuni.

Swali: Mwenyekiti wetu wa zamani alifanya mengi mazuri. Sasa amezeeka, na hati, ramani na mihuri viko nyumbani kwake. Kumwomba tunaona aibu. (Vijana, Kajiado)

Msimwendee vijana peke yenu. Ombeni watu wa rika lake watatu, wawili wakiwa waliotumika naye, mwende asubuhi, na mkutano wa jamii uwe umeshaazimia kwa maandishi kwamba nyaraka zihamie mahali maalumu. Azimio humwondolea yeye lawama, nanyi huwaondolea sura ya kumpokonya.

Hapo nyumbani orodhesheni kila karatasi mbele yake: jina, tarehe, idadi ya kurasa, hali yake. Orodha iwe nakala tatu, asaini yeye na anayepokea, na moja abaki nayo. Hati asili iende kwenye sanduku la kufuli mbili, funguo kwa watu wawili wasio wa ukoo mmoja, au ihifadhiwe benki. Piga picha za kila ukurasa, nakala zikae kwenye simu za watu watatu na nyingine kwa wakili. Muhuri uandikiwe daftari lake la matumizi: tarehe, hati iliyopigwa, nani aliomba.

Kisha kaeni naye siku mbili tatu mkiwa na ramani mkononi. Mwombeni aeleze kila alama ya mpaka ilikubaliwa na nani, na mabishano gani yalimalizwa kwa maneno bila kuandikwa. Mrekodini. Haya hayamo kwenye sanduku, na mtayahitaji siku jirani atakapohamisha kigingi.